Sebule ya Mama Aidani

Siku Mama Aidani aliponipa ufunguo wa sebule yake, hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Hiyo rangi kwenye kucha haitoki?" aliuliza.

"Inatoka, mama. Ila kesho yake inarudi."

Aidani, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake, aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Lizaboni hadi Ruhuwiko nimevaa ovaroli niliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe, na njia nzima nilijiapiza kwamba sitaona haya mbele ya mwanamke huyu.

"Jumapili ya wiki ijayo ndugu wa marehemu mume wangu wanakuja," alisema. "Kila mwaka tunamwombea misa, halafu wanafika hapa. Wanakula barazani, wanaondoka. Sebuleni hakai mtu. Mwanangu ananiambia wewe unajua kukifanya chumba kikalike. Haya. Wakikaa humo, nitakusikiliza. Wasipokaa, mwache mwanangu aoe pale ninapomwonyesha."

"Mama!" Aidani alisema.

"Usiniite kwa sauti hiyo. Naongea na mwenzangu hapa."

"Nimekubali, mama," nikajibu, na nikapokea ufunguo.

Alikuwa anamwonyesha Devota, mwalimu, binti wa rafiki yake wa jumuiya. Msichana mzuri, mpole, sina neno baya juu yake. Hapandi ngazi mbele za watu, hanuki tina ya kuchanganyia rangi, na baba yake si fundi mwashi kama mzee Athanasi Mapunda, baba yangu. Mimi ni Justa Mapunda. Napaka rangi na kupanga vyumba vya watu, na tangu nilipoanza kushika burashi miaka tisa iliyopita, sijawahi kuitwa nyumba moja mara mbili kurekebisha kosa.

Aidani Mbawala nilimpata kwa kazi hiyo hiyo. Ni mpima ardhi. Alikuwa akipima mpaka wa kiwanja karibu na zahanati moja ya Lizaboni, mvua ikamkimbiza ndani, akaingia chumba cha kusubiri nilichokuwa nimekimaliza siku ile. Mvua ilikatika. Akabaki amekaa. Nilipokuwa naosha burashi zangu alinijia na kofia mkononi.

"Dada, nimekaa humu saa nzima na wala simuuguzi mtu. Umefanya nini humu ndani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Watu huniuliza rangi inaitwaje. Nikaanza kumweleza, na alinisikiliza mpaka mlinzi akaja kufunga geti. Miaka miwili sasa.

*

Siku ya kwanza Ruhuwiko sikufungua kopo hata moja. Niliingia, nikafunga mlango, nikakaa.

Kilikuwa chumba kikubwa, lakini nilihisi kama nimekalia kitanda cha mgonjwa. Kuta zilikuwa na rangi ya bluu ya mafuta, ile inayong'aa ukiwasha taa. Mapazia yalikuwa mazito, ya rangi ya damu ya mzee, yamefungwa. Makochi yamesukumwa yote ukutani, kila moja na kitambaa chake cha kufuma, na katikati patupu, kama pale watu wanapopisha jeneza. Na juu kabisa, karibu na dari, picha ya marehemu mzee Kajetani Mbawala, na maua ya plastiki, ikimtazama kila anayeingia kutoka juu hadi chini. Kila kochi nililokalia, mzee alinikodolea macho.

Nikaelewa kwa nini wageni hawakai. Nani anaweza kucheka chini ya macho yale?

Saa sita Mama Aidani akafungua mlango.

"Hata burashi hujashika."

"Nakaa kwanza, mama. Nataka kujua watu wanakimbia nini."

"Na umejua?"

"Nimeanza."

Alisimama pale mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Niligundua kwamba hata yeye haingii. Miaka minane tangu mazishi, na mwenye nyumba alikuwa anasimama mlangoni mwa sebule yake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hasira niliyotoka nayo Lizaboni ilipungua hapo hapo.

"Mama, naweza kufungua mapazia?"

"Wewe ndiye mwenye ufunguo," alisema, akaondoka.

Nilipoyavuta, vumbi liliniangukia kichwani, na nyuma ya kioo nikauona mlima wa Matogoro wote, wa kijani, wingu limekaa begani mwake. Dirisha lile lilielekea mashariki. Mtu aliyejenga nyumba ile alijua anachokifanya, halafu watu wakaja wakaziba.

Siku ya pili nilikunja zulia nipate kulitoa nje. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imesuguliwa miaka na miaka. Karibu na dirisha nikaona vishimo vinne vidogo vilivyochimbika taratibu, viwili mbele na viwili nyuma. Mbele yake, sehemu ya sakafu ilikuwa imefifia wekundu, upana wa miguu miwili ya mtu.

Nilipiga magoti nikavigusa vishimo vile kimoja kimoja. Kisha nikatoa futi yangu nikapima kutoka kimoja hadi kingine, nikaandika vipimo kwenye karatasi. Sikumuuliza mtu. Jioni nilipita kwa Swalehe, seremala wa mtaani kwetu, nikamwambia nataka kiti cha mninga, chenye mikono, miguu yake isimame kwenye vipimo hivi, isipungue wala isizidi.

"Kiti cha nani?" Swalehe aliuliza.

"Bado sijui," nikamwambia. "Ila alikuwa anakikalia sana."

Aidani alikuja kila jioni akitoka kazini. Alikuta bluu imekwanguliwa, akakuta kuta zimekuwa nyeupe, halafu akakuta zimechukua rangi niliyoitafuta siku mbili nzima: rangi ya matofali ya kuchoma yakiwa yamelowa mvua, lakini imepozwa kwa maziwa. Asubuhi jua likiipiga, chumba kizima kilikuwa kama mtu aliyetoka kuamka vizuri.

"Niambie kama unavyoniambiaga," alisema siku moja, amekaa kwenye kopo tupu.

"Ile bluu ilikuwa inarudisha mwanga kwa ukali. Mtu akikaa kwenye mwanga mkali anakaza mabega. Hii inaumeza kidogo. Halafu makochi nayaleta katikati, yatazamane, mtu asilazimike kupaza sauti. Watu wakipaza sauti wanachoka, wakichoka wanaaga."

"Na picha ya baba?"

"Nimeishusha. Itakaa usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Baba yako alikuwa anaongea na watu amekaa au amepanda mezani?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaacha kucheka, akanishika kiganja kilichojaa rangi, akakiweka shavuni mwake. Alienda nyumbani na alama ya vidole vinne usoni na hakuifuta. Usiku ule nilijiona malkia.

Ukutani mkabala na dirisha nilitundika mchoro wangu mwenyewe, upana wa mikono miwili: njia nyekundu ikipita katikati ya mahindi yaliyotoa mbelewele, bila mtu. Mazungumzo yakikatika, macho yanahitaji pa kwenda. Yasipopata, miguu inaanza kutafuta viatu.

*

Jumapili ilifika. Nilivaa gauni la kitenge nililoshonewa Pasaka, nikawahi asubuhi kuweka kiti cha Swalehe. Miguu yake ilitumbukia kwenye vile vishimo bila kelele, kama imezaliwa pale.

Saa tano kasoro wakaja kutoka kanisani. Mbele alikuwa Baba mkubwa Thadei, kaka wa marehemu, mzee mnene mwenye fimbo, aliyetoka Namtumbo jana yake. Nyuma yake Shangazi Mariana, dada yao, na wa mwisho Mama Aidani mkononi mwa mwanawe. Siku tatu kabla alikuwa amekataa kuchungulia. "Nitaona na wenzangu," alisema.

"Tumsifu Yesu Kristu," Baba mkubwa alisema mlangoni.

"Milele amina. Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akapita. Hatua tatu ndani, akasimama. Akageuka taratibu, akaangalia kuta, dirisha, mlima. Akaangalia picha ya mdogo wake, akaisogelea, akainama mpaka wakatazamana usawa kwa usawa, na nikasikia akiongea nayo kwa Kingoni, kwa sauti ya chini, kama ndugu wawili wanaopeana habari za nyumbani. Alipomaliza alisogea hadi kochi la karibu, akaketi, akalaza fimbo sakafuni. Hakuna aliyemwambia akae.

Shangazi Mariana alipapasa ukuta kwa kiganja. "Huu ni ule ukuta wa zamani kweli? Jamani!" Naye akaketi, mkabala na kaka yake, akavua viatu. "Na ile njia pale kwenye picha nimeipita mimi. Sijui wapi, lakini nimeipita."

Mama Aidani alikuwa bado mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alikuwa anatazama kiti.

"Nani alikuambia ukiweke pale?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kali. Akamgeukia Aidani. "Wewe?"

"Hapana, mama. Mimi hata nilikuwa nimesahau."

"Basi nani?"

"Sakafu, mama," nikasema. "Sakafu imekuwa ikikumbuka. Kuna alama za kiti na za miguu ya mtu. Aliyekaa pale alikaa miaka mingi, anatazama mlima. Nikaona si haki kupita juu yake na zulia."

Aliuma mdomo wa chini. Kiti chenyewe, niliambiwa baadaye, kilichukuliwa siku ya kumaliza msiba wakati vitu vya marehemu vinagawiwa, na yeye alikuwa amejifungia chumbani, akatoka akakuta patupu. Ndiyo siku aliyofunga mapazia.

Alitembea polepole. Nikasikia kanga yake ikisugua sakafu. Alifika, akashika mkono wa kiti, akausugua kwa kidole gumba. Halafu akageuka na kuketi, mgongo wima, mkoba wa kanisani mapajani, akatazama Matogoro. Hakulia. Ila mabega yake, ambayo tangu nimjue yalikuwa yamepandishwa kama ya mtu anayesubiri kupigwa, yalishuka.

"Kajetani alikuwa anakunywa chai yake hapa," alisema, bila kumwambia yeyote. "Akisikiliza redio."

"Na anabishana nayo," Baba mkubwa akadakia, na wote watatu wakacheka, mle mle ndani, mbele ya picha. Huko ndiko kucheka nilikokuwa nakutafuta kwa majuma mawili.

Kisha Baba mkubwa akamgeukia Aidani. "Huyu fundi mmemtoa wapi, Dar es Salaam?"

Nilimtazama Aidani. Ndiyo, nilifikiri. Sasa.

Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. "Ni... fundi wa hapa hapa, baba mkubwa. Anaitwa Justa. Ni fundi mzuri sana."

Nikasubiri. Hakuongeza neno.

Nilitabasamu, nikaaga kwa adabu, nikatoka barazani kukusanya burashi zangu.

Alinifuata kabla sijafunga hata kopo moja.

"Justa, ngoja."

"Fundi akimaliza kazi huondoka."

"Nilitaka nimpe mama nafasi kwanza. Umeona alivyokuwa."

"Nimemwona vizuri kuliko wewe. Wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri."

"Ningelisema. Nilikuwa natafuta maneno."

"Miaka miwili, Aidani! Unanipita mchana kweupe na wenzako wa ofisini nikiwa juu ya ngazi, unanipungia kama unavyompungia muuza mahindi. Nikivaa gauni, unanishika mkono. Nikuulize leo: unampenda Justa yupi?"

"Wote wawili."

"Ni mmoja," nikasema. "Yupo mmoja tu. Hilo ndilo hujalijua. Mimi sikuja hapa kuhurumiwa. Nimempa mama yako kilicho bora kuliko vyote ninavyojua, na ningempa hata kama angekuwa ananichukia mpaka kesho, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu na naipenda. Lakini mle ndani sirudi nikiwa fundi. Kama fundi, nimemaliza."

Alinitazama. Nilimjua kila mtazamo wake, lakini huo sikuwahi kuuona: mtu mzima anayejiona mdogo, na amechoka kujiona mdogo. Hakunibembeleza. Aligeuka akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

"Baba mkubwa, shangazi, mama," nilimsikia. "Nimesema vibaya, naomba nirudie. Aliyetengeneza humu ni mwanamke ninayetaka kumwoa. Mama anajua. Nilinyamaza kwa uoga, wala si kwa sababu yeye ana kasoro. Anapanda ngazi na anavaa ovaroli, na akinuka tina mimi ndiyo harufu ninayoitafuta jioni. Nikisimama naye nataka watu waone. Mkikataa nitasikitika, lakini sitanyamaza tena."

Kisha sauti nzito ya Baba mkubwa. "Na ulikuwa unamwogopa nani?"

"Mama."

"Hata mimi namwogopa mama yako. Lakini nasema!"

Shangazi Mariana aliangua kicheko. Mimi barazani nilikuwa nimeshika burashi kavu, machozi yananidondoka kwenye kitenge cha Pasaka.

Nikasikia kiti kikisogea. Aliyetoka alikuwa Mama Aidani mwenyewe. Alisimama mbele yangu, na safari hii alinitazama usoni.

"Justa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina langu. "Mimi nilimtaka Devota. Siwezi kukudanganya."

"Najua, mama."

"Nilikupa chumba kile nikijua utashindwa. Mimi mwenyewe nimeshindwa nacho miaka minane." Aligeuza macho mlangoni. "Kilikuwa chumba cha mume wangu, nikakifanya kaburi. Watu wakakimbilia barazani, na mimi nikawalaumu wao." Alichukua burashi mkononi mwangu, akaziangalia nywele zake, akaiweka juu ya kopo kwa uangalifu kama anaweka kikombe. "Ingia ukae na sisi."

"Nitaingia, mama. Ila nina neno."

"Sema."

"Nikiolewa, sitaacha ngazi."

Mdomo wake ulijikunja pembeni. "Nani amekuambia uache? Umefanya sebule yangu, chumba cha kulia je? Umekiona kilivyo?"

Tukaingia pamoja. Aidani alisimama, akanipisha pembeni yake, akanishika mkono mbele ya wakubwa wake wote, vidole vyake vikiwa baridi na imara. Baba mkubwa alisafisha koo, akakaa vizuri kama mtu anayetaka kuanza mambo makubwa.

"Haya, binti. Sasa wewe unasemaje kuhusu kijana wetu?"

"Baba, kwa heshima," nilijibu, "hilo sitalijibu hapa. Kwetu ni Lizaboni. Baba yangu yupo, mama yangu yupo. Mje mkaliseme pale, na mimi nitajibu mbele yao."

Shangazi Mariana alipiga makofi mara moja. "Huyo ana kwao!"

"Jumamosi," Mama Aidani alisema. "Tutakuja Jumamosi."

Ugali na kuku waliokuwa wameandaliwa barazani wakahamishiwa sebuleni. Tulikula, tukaongea, Baba mkubwa akasinzia kidogo na kuamka na kuendelea na hadithi pale pale alipoiachia. Ilipofika saa tisa, hakuna aliyekuwa ameaga.

Ndipo jirani, Mama Leo, akapita nje, akaona dirisha ambalo halijafunguliwa miaka minane liko wazi. Akachungulia bila hodi, mdomo wazi.

"Mama Aidani! Hee! Nani kakutengenezea hivi? Nipe namba yake, na mimi aje kwangu kesho!"

Mama Aidani hakuinuka kitini. Alinyoosha mgongo, akarekebisha kanga yake begani.

"Mkwe wangu huyo," alisema.

"Bado, mama," nikanong'ona. "Ni mpaka Jumamosi."

"Nyamaza wewe," akanijibu, kisha akamgeukia tena jirani yake, kidevu juu. "Mkwe wangu, Justa Mapunda wa Lizaboni. Na kesho humpati, Mama Leo. Kesho anaanza chumba changu cha kulia. Wewe panga foleni."